Mwanza: Tunaoshika zamu ya kukaa na mtoto mwenye ulemavu ili mama yake apumue, tukutane hapa

#1 Shangazi_Mabatini

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu mtanivumilia, asiyependa kusoma jukwaa la mpira lipo pale.

Mimi naishi Mabatini huku juu kwenye mawe. Mtaani kwetu na mitaa ya jirani kuna familia kadhaa zenye watoto wenye mtindio wa ubongo, yupo mmoja wa usonji (autism), yupo na binti mkubwa tu ana ulemavu wa akili na kifafa juu yake. Karibu wote wanalelewa na mtu mmoja, mama au bibi, mchana na usiku, mwaka unaingia mwaka unatoka. Sasa sisi tukisikia kuna familia ina shida tunakusanya sukari, sabuni, mchele, tunaenda kundi zima, tunapiga picha, tunaondoka. Sio vibaya, sikatai. Ila ukikaa na hawa wamama ukawaacha waongee wenyewe, mchele hawautaji kwanza. Wanataja usingizi. Wanataja kwenda kusuka. Mmoja aliniambia anatamani aende msibani akae mpaka wazike, maana kila msiba yeye ni wa kuchungulia tu na kurudi.

Kuna mmoja anauza dagaa. Zamani alikuwa anashuka Mwaloni Kirumba alfajiri anachagua mzigo mwenyewe, sa hivi analetewa na mtu kwa bei ya huyo mtu, kwasababu hana wa kumuachia kijana. Na kijana ni mkubwa, hakai bila kushikiliwa, hatembei, kiti cha magurudumu alipewa lakini kwa nyumba zetu hizi za kwenye miamba kiti hakipandi, kipo kwa jirani chini barabarani, kwahiyo kila safari anabebwa mgongoni kwenye yale mawe, na mvua ikinyesha ndo hasemi mtu.

Ndo tukaanza zamu. Hatujasajili kitu, hatuna jina, tumetoka kwenye jumuiya mbili na wengine ni majirani tu waislamu kwa wakristo. Wawili wanaenda nyumba moja, siku ile ile ya wiki, saa zile zile, na sura zile zile. Mwanzoni kabisa mama haondoki, anabaki nyumbani anatufundisha, tunamlisha mtoto yeye yupo, tunambadilisha yeye yupo, mpaka mtoto atuzoee na mama atuamini. Baada ya hapo anaondoka masaa matatu manne hivi anaenda anakokujua yeye, na hatumuulizi anaenda wapi. Hili tumeligombania sana kwenye kikundi, wapo waliotaka mama "atumie muda vizuri", nikasema hapana, akitaka kwenda kulala kwa dada yake Pasiansi akalale.

Nachotaka kwenye uzi huu ni watu wa Igoma, Buhongwa, Nyegezi, Kisesa, mnaoweza kuanzisha ya kwenu. Sisi hatuwezi kufika huko. Na wenye uzoefu mtupe maujuzi.

#2 mzee_wa_kitangiri

Swali fupi. Nani anawalipa?

#3 Bulongwa

Nimesoma yote. Niseme ukweli tu hata mkinichukia, mama anamuachaje mtoto mgonjwa kwa watu baki? Bibi zetu walilea watoto wa aina hiyo na hawakutafuta mapumziko. Hizi ni tabia za mjini, kesho mtaambiwa mama yuko sherehe nyie mnamuogeshea mtoto.

#4 Mama_wa_Watatu

#3 hao bibi zako walikuwa wanakaa kwenye mji una nyumba nane, kuna shangazi, wake wenza, watoto wa kike wanarudi kisimani, mtoto anapita mikono kumi mpaka jioni. Walikuwa wanapumzika bila kuliita jina. Mimi napanga chumba na sebule Nyakato, mwenye nyumba simjui vizuri, mume yupo mgodini Geita anarudi akipenda, mdogo wangu yupo Dar. Wewe hiyo mikono kumi unaniletea?

Mtoto wangu wa pili ana mtindio wa ubongo, alichelewa kulia alipozaliwa. Usiku anaamka na mimi naamka, kukakamaa kwa misuli kunamuuma anataka ageuzwe. Na huyo wa kwanza na wa mwisho nao wanataka mama. Mwaka jana yule mkubwa alikuwa na kikao cha wazazi shule sijaenda hata kimoja. Na hiyo sherehe unayosema, naomba Mungu anipe siku niende kweli na nicheze mpaka viatu vikatike.

#5 Fundi_Welding

🔥🔥 #4 kamaliza. Endelea mleta uzi tupo.

#6 Shangazi_Mabatini

#2 hakuna anayetulipa. Ila nauli inatoka kwenye kapu, kila mwanakikundi anachanga kidogo mwisho wa mwezi na mwenye kutoka mbali anarudishiwa ya daladala, basi. Posho hatutoi na mimi msimamo wangu ni kwamba tusije tukatoa, siku posho ikikosekana mtoto ndo ataachwa. Najua wapo watakaonibishia.

#3 karibu siku moja uje ukae masaa mawili tu, nasema kwa nia njema.

#7 Sista_Mstaafu

Mimi ni nesi nimestaafu, nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi hapa hapa kanda ya ziwa. Nawapongeza ila naomba niwatishe kidogo, maana moyo mzuri peke yake unaweza ukaua mtoto.

Kulisha. Huyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo wengi wanamezea kwa shida. Usimlishe amelala mapajani kichwa kimening'inia nyuma, hivyo ndo wengi wetu tulivyolelewa kulisha na ndo hatari. Mkalishe wima, mgongo umeegemea kifua chako au kona ya kochi na mito, kichwa kiwe mbele kidogo kama anaangalia bakuli. Uji uwe mzito wa kushika kijiko, maana ule mwepesi ndo unaokimbilia kwenye njia ya hewa. Kijiko kidogo, weka nusu, halafu subiri. Angalia koo. Ukiona limepanda na kushuka ndo unaongeza. Akikohoa simama, akianza kutoa sauti ya kukoroma ya majimaji simama. Bakuli moja linaweza kuchukua dakika 40 na usimkimbize. Akimaliza asilazwe, abaki wima nusu saa. Hawa watoto wengi wanachukuliwa na nimonia, na sehemu kubwa ni chakula kilichopita njia mbaya kidogo kidogo kila siku bila mtu kujua.

Kugeuza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili, na mkigeuza angalieni makalio, nyonga, visigino. Ukiona pamekuwa pekundu au peusi kuliko pembeni na hapaondoki, mwambie mama siku hiyo hiyo.

Degedege au kifafa. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vya kumuumiza, ANGALIA SAA. Usiweke kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji, usimpe dawa ya kunywa wakati anatetemeka. Ikipita dakika 5 au zikifuatana bila kuzinduka, hospitali, usisubiri mama arudi. Kwahiyo kabla mama hajatoka mlangoni muwe mnajua bodaboda wa kumpigia ni nani na hela ya boda iko wapi. Dawa za kifafa zisirukwe hata dozi moja, kuruka ndo kunaleta kifafa kisichokatika.

#8 Shangazi_Mabatini

Mama asante sana, hii naprinti. Sisi tuna daftari linaning'inia kwenye msumari kila nyumba, kurasa ya kwanza mama kaandika mwenyewe: dawa gani saa ngapi, anapenda nini, anaogopa nini (yule wetu wa usonji blenda ya jirani ikiwashwa anajigonga kichwa ukutani, kwahiyo tukisikia tu matunda yanamenywa tunahamia chumba cha nyuma), namba za simu, hospitali anayotibiwa. Zamu ikiisha tunaandika alikula nini, choo, alilala au la. Hilo la saa wakati wa degedege tulikuwa tunaandika kwa kukadiria, tutabadilisha.

Na mama samahani, una muda wa kuja kutufundisha hiyo ya kulisha kwa vitendo? Maana kusoma na kufanya ni vitu viwili.

#9 Sista_Mstaafu

Nitakuja. Nitafute PM. Mje na vijiko vidogo vya plastiki, vya bati vinagonga meno.

#10 Jicho_la_Tatu

Mimi niulize lile ambalo hakuna anayetaka kuuliza. Huyo binti mkubwa mwenye ulemavu wa akili. Mnawaingizaje watu ndani kwake mama hayupo? Sio kila anayejitolea ana nia njema, watu wabaya wanatafuta hasa mtoto asiyeweza kusema.

#11 Shangazi_Mabatini

#10 swali zuri na tuliwaza kabla ya kitu chochote. Hakuna anayebaki peke yake na mtoto, ndo maana ni wawili, mmoja akiumwa zamu inafutwa hata kama mama atachukia. Binti anaogeshwa na wanawake tu, na wale wale aliowakubali yeye, akikataa kwa kichwa au kwa kulia haogeshwi siku hiyo, atakaa na jasho lake hafi. Kila anayeingia anajulikana kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wa kata tumempelekea majina. Mlango wa sebuleni unabaki wazi. Picha marufuku, hata ya wema, hata ya status. Na mama au bibi ana ruhusa ya kurudi muda wowote bila kupiga simu, akikuta kitu kisichomfurahisha neno lake ndo la mwisho.

Tulishamkataa mtu. Hakufanya kosa lolote, ila bibi alisema "huyu hapana" na hatukumtaka sababu.

#12 Msukuma_UK

Niko Uingereza nafanya kazi za kulea watu wenye ulemavu na wazee (ndio, ile kazi mnayoicheka wakati wa krismasi tukirudi). Hiki anachosema mleta uzi huku ni huduma kamili. Mlezi anakuja nyumbani, au mtu mwenye ulemavu anaenda kwenye kituo kwa siku kadhaa, au anakaa kwa familia nyingine iliyopitishwa. England kuna kanuni za mwaka 2011 zinazobana halmashauri zitoe mapumziko kwa wanaolea watoto wenye ulemavu, na Marekani nao wana sheria yao ya mwaka 2006 ya huduma hiyo hiyo kwa umri wote. Msidhani huku ni peponi, bajeti zikikatwa hii ndo ya kwanza kuguswa, na familia zinasubiri mno. Watu wa kujitolea wapo sana, ila wanachunguzwa rekodi za polisi kwanza, wanafundishwa, halafu kuna mtu mmoja anayelipwa kazi yake ni kupanga nani anaenda wapi. Huyo mratibu ndo roho ya kitu chote. Wa kujitolea anaumwa, anaoa, anahama, mratibu yupo anapanga upya.

Na nyumbani msifikiri haituhusu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 28 inataja wazi kwamba familia maskini zenye watu wenye ulemavu zisaidiwe gharama, mafunzo, ushauri NA mapumziko ya walezi. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kwahiyo mkienda halmashauri msiende kama mnaomba sadaka.

#13 mzee_wa_kitangiri

#12 halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayokopesha watu, 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu. Sio hiyo?

#14 Mama_wa_Watatu

Hiyo ni mkopo baba, na mkopo unarudishwa. Nikikopeshwa nifungue genge nani anakaa gengeni? Ndo maana mimi nasema masaa kwanza. Ukinipa hela bila masaa umenipa deni.

#15 Kaka_Mkubwa_CP

Habari zenu. Nimekuwa nasoma kimya. Mimi mwenyewe nina mtindio wa ubongo, natype kwa kidole kimoja kwahiyo mnisamehe herufi. Nina miaka 31, naishi na mama Buzuruga. Mikono na miguu ndo haisikii, na maneno yanatoka kwa kukwama, akili ipo kama yenu.

Uzi mzima mnaongea mama anachoka, mama anachoka. Ni kweli anachoka. Lakini naomba na mimi niseme, NA MIMI NACHOKA NA MAMA. Nampenda, ila fikiria mtu wa miaka 31 kila siku ananyolewa ndevu na mama yake, anaangalia tamthilia anazotaka mama, na rafiki akija mama anajibu maswali kabla sijamaliza sentensi. Kuna kijana wa kanisani alikuja siku mama kaenda Ukerewe kwenye mazishi, akakaa na mimi mpaka jioni, tukaangalia Simba na Yanga tukatukanana, akaninyoa vibaya kabisa kushoto kumebaki. Nilifurahi kuliko Pasaka.

Kwahiyo nyie wa zamu msiingie kama walinzi wa mzigo. Muulizeni huyo mnayekaa naye anataka kufanya nini. Hata asiyesema ana anachotaka.

#16 Fundi_Welding

Aisee kaka 😂😂 kushoto kumebaki. Timu gani wewe?

#17 Kaka_Mkubwa_CP

Siwezi kusema hapa mod atafunga uzi.

#18 Shangazi_Mabatini

#15 kaka yangu umeniamsha. Kwetu wengi ni wadogo au hawasemi kwahiyo kweli tunaenda kwa maelekezo ya mama tu. Naomba ukubali uje kwenye kikao chetu, au sisi tuje Buzuruga kama kushuka ni shida, uongee na wanakikundi. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi inatoka kwenye kapu.

#19 Kaka_Mkubwa_CP

Nitakuja. Hiyo nauli ni ya wawili, maana nasukumwa. Na mnipe nafasi ya kuongea mpaka nimalize, hata ikichukua nusu saa.

#20 Baba_Ilemela

Mbona sioni wanaume kwenye hizo zamu? Mnahitaji wanaume? Mimi nilidhani ni kazi ya wamama.

#21 Shangazi_Mabatini

Tunawahitaji mpaka basi. Yule kijana wa kwenye mawe ni mzito sasa, mama yake mgongo umeisha. Vijana wawili wa kwaya ndo wanamshusha na kumpandisha, mmoja anabeba mmoja yuko nyuma anashikilia kiuno, maana yeye misuli ikikaza ghafla anajirusha nyuma, ukiwa peke yako mnaanguka wote. Na wavulana wakubwa wanataka kuogeshwa na mwanaume mwenzao, ni haki yao. Alafu kuna hili, baba wengi wa hawa watoto waliondoka. Sio wote, nawajua wababa wawili wanaolea vizuri kuliko sisi, lakini wengi. Mtoto akizoea sauti ya kiume ndani ya nyumba inayomjia kwa upole, nyie hamjui.

#22 Baba_Ilemela

Sawa. Nipo Jumapili baada ya ibada. Sina ufundi wowote ila mgongo upo.

#23 student_wa_bugando

Sisi wanafunzi wa chuo hapo kilimani tunaweza kujitolea, tuko wengi na wengine wanasoma afya. Mnapokea?

#24 Sista_Mstaafu

Mwanangu mnapokelewa, ila nisikilize. Nimewaona wanafunzi wengi wanaanza na moto, mitihani inakuja wanapotea, likizo wanaenda kwao Mbeya na Tanga, mtoto anakaa dirishani. Mtoto wa usonji akiambiwa Jumanne anakuja fulani, Jumanne ni Jumanne. Usipotokea unawaachia ile nyumba fujo ya wiki nzima. Bora uje mara moja kwa mwezi uje kweli. Au muwe watu wa kufundisha na kupima uzito na kuandika, zamu za kila wiki waachieni wakazi.

#25 student_wa_bugando

Inaumiza ila ni kweli. Tutaongea na wenzangu, labda tujipange kwa mafunzo.

#26 Nansio_boy

Huku kisiwani Ukerewe shida ni nyingine. Mama akimpeleka mtoto kliniki hospitali ya Bugando ni meli asubuhi, kulala, kurudi kesho yake au keshokutwa, na nyumbani kabaki bibi na watoto wengine. Hapo wa kupokelewa zamu ni wale wanaobaki. Alafu mama akifika mjini hana pa kulala na mtoto mzito hivyo. Nyie wa Mwanza mngekuwa na nyumba moja tu ya kumpokea mama wa visiwani, akafika mtu akamshikia mtoto yeye akaoga akala akalala kidogo kabla ya foleni, mngekuwa mmefanya kitu kikubwa.

#27 Mama_wa_Watatu

#26 nina sebule. Sio kubwa ila ina kochi. Na kumgeuza usiku tayari naamka, nitawageuza wote wawili.

#28 Jicho_la_Tatu

Subirini kwanza. Nyumba ya kulaza watu sio zamu ya masaa matatu. Hapo mtaulizwa usajili, na likitokea la kutokea usiku nani anajibu? Sizuii, nasema mwende kwa afisa ustawi kwanza kabla ya kochi.

#29 Shangazi_Mabatini

Nakubaliana na #28, hilo tulipeleke kwanza. #26 niandikie PM ni lini mama anayefuata anakuja kliniki, kulala bado hatuwezi kuahidi, ila watu wawili wa kumpokea bandarini na kukaa naye kwenye foleni hao nawapata hata kesho.

#30 mzee_wa_kitangiri

Bado sijakubali hilo la posho. Mtu akiacha kibarua chake masaa manne kila wiki huyo naye ana watoto. Mtabaki na wenye nafasi tu, na wenye nafasi huwa hawakai Mabatini.

#31 Shangazi_Mabatini

Mzee hoja yako ina uzito na kwenye kikundi tumegawanyika katikati kabisa. Mimi nimeegemea huku kwasababu kapu letu ni dogo, mkiniletea kapu lisiloisha nitabadilika. Tunakaa tena Jumamosi baada ya zamu ya mchana, njoo useme mwenyewe, na uje na huyo kijana wa welding maana kuna kiti cha magurudumu kimekatika ekseli.

#32 Fundi_Welding

Ekseli ya mbele au nyuma? Tuma picha ya kiti. Ya KITI tu, nimesoma masharti.